Vita vya Kagera: Nyerere alipigania mpaka, Obote, au kumng'oa Amin?

Kuhusu nia ya serikali ya Tanzania katika vita vya 1978–79 na Uganda, kuna majibu matatu yanayozunguka, na kila moja lina watetezi wasiokubali kusogea hata hatua moja.

La kwanza ndilo la darasani: tulivamiwa, tukajibu, tukamfukuza nduli Idi Amin, mtawala wa Uganda. La pili husikika zaidi ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, upande wa Uganda, ingawa siku hizi hata vijana wa Kitanzania wanalishika: Mwalimu Nyerere alimhifadhi rafiki yake Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, miaka saba akingoja sababu ya kumrudisha, na Amin akamletea sababu hiyo hadi mlangoni. La tatu linasema serikali ilifikia uamuzi kwamba Amin akibaki Kampala mpaka hautatulia kamwe, kwa hiyo aondoke, na nani atamrithi ni suala la baadaye.

Wanaobishana hukimbilia hotuba. Ile ya Nyerere ya Novemba 1978, kwamba tunao uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin, Mtanzania hahitaji kukumbushwa. Ila hotuba ya vita hutolewa ili watu wapigane. Haikutungwa ili tuje tuichunguze miongo kadhaa baadaye. Wengine hukimbilia matokeo: Obote alirudi madarakani mwaka 1980, basi ndiyo ilikuwa nia tangu mwanzo. Hapo napo pana shimo, maana vita huzaa mengi ambayo aliyeingia vitani hakuyapanga.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kingine: serikali ilipopata nafasi ya kuchukua kitu kwa bei nafuu, ilikichukua au ilikikataa? Kukataa kuna gharama, na mtu halipi gharama bila kuwa na anachokitaka zaidi. Tuyapitishe majibu yote matatu kwenye kipimo hicho, tukio kwa tukio.

Kabla ya Kagera: hapa jibu la Obote linang'ara

Amin aliipindua serikali ya Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere alimpa hifadhi Dar es Salaam na akakataa kuutambua utawala mpya. Alikataa hata kukaa na Amin kikao kimoja cha wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mgomo huo ni mojawapo ya mambo yaliyoidhoofisha Jumuiya hadi ikavunjika mwaka 1977.

Septemba 1972 mambo yalivuka maneno. Wafuasi wa Obote zaidi ya elfu moja waliingia Uganda kutoka ardhi ya Tanzania, wakielekea Masaka na Mbarara. Kundi la makomandoo lilikuwa litue Entebbe kwa ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliyochukuliwa Dar es Salaam. Ikatua Kilimanjaro njiani, tairi zikapasuka, safari ikaishia hapo. Uvamizi wote ukavurugika ndani ya siku chache. Amin akajibu kwa kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Hakuna namna ya kueleza tukio hili kwa lugha ya ulinzi wa mpaka. Mtetezi wa jibu la Obote akianzia hapa, mpe alama zake zote.

Ila asiishie hapo. Oktoba 1972, kwa usuluhishi wa Siad Barre, rais wa Somalia, nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya Mogadishu: kila upande urudishe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani na uache kuwasaidia wanaoupinga upande wa pili. Wapiganaji wa Obote walipelekwa Tabora, mbali kabisa na Uganda, na wengi wao wakakaa huko miaka. Kati ya 1972 na 1978 Amin aliwapa majirani sababu tele za kuchukia: mauaji ya kila aina, kifo cha Askofu Mkuu Janani Luwum Februari 1977, vitisho hata kwa Kenya ambayo mwaka 1976 alidai sehemu ya ardhi yake. Tanzania iligoma kuhudhuria mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Kampala mwaka 1975 na ilimlaani Amin hadharani. Jeshi haikutuma. Kama kumrudisha Obote ndiko kulikokuwa kukiongoza sera, miaka hiyo sita ya kutotuma jeshi haielezeki, maana visingizio havikukosekana.

Kwa hiyo kipindi hiki kinatuachia chuki ya wazi na jaribio moja lililofeli, halafu subira ndefu. Jibu la tatu linaanza kunyanyua kichwa hapa, ingawa bado halijathibitika.

Oktoba na Novemba 1978: na nia ya Amin je?

Huwezi kupima nia ya Dar es Salaam bila kugusa ya Kampala, maana wanaoshikilia jibu la Obote mara nyingi huongeza kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza. Redio Uganda ilisema hivyo Oktoba 1978. Kilichokuwa kikitokea upande wa Uganda ni maasi jeshini, na kuna simulizi mbili kuhusu askari walivyovuka mpaka. Moja inasema Amin alipanga uvamizi ili kuwapa wanajeshi wake adui wa nje. Nyingine inasema makamanda wa mpakani waliwafukuza waasi waliokimbilia Tanzania, wakajikuta wameshaingia, na Amin akalibariki jambo lililokwisha kutendeka.

Kwa mjadala wetu tofauti hiyo haina uzito ambao watu huipa. Hata kama mwanzo ulikuwa fujo za mpakani, tarehe 1 Novemba Uganda ilitangaza kwamba eneo la kaskazini ya Mto Kagera sasa ni lake. Tangazo si fujo tena, ni sera.

Na kuna ushahidi mmoja ninaoupenda kuliko matangazo yote ya redio: daraja la Kyaka. Mpaka wa nchi hizi ni mstari ulionyooka uliochorwa na wakoloni, wala haufuati mto. Kusini mwa mstari huo Mto Kagera unapinda, na kati ya mstari na mto kuna kipande cha ardhi cha kilomita za mraba 1,800 hivi, ndani ya uliokuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi. Askari wa Amin walikiteka, wakaua, wakapora ng'ombe na mali za kiwanda cha sukari, kisha tarehe 3 Novemba wakalilipua daraja la Kyaka, njia kuu ya kuvukia mto huo. Anayekusudia kusonga hadi Bukoba halipui daraja atakalolihitaji kesho. Anayepita akimkimbiza muasi naye hana haja ya kulilipua. Daraja hulipuliwa na anayetaka mto uwe mpaka.

Kwa wiki hizi basi, jibu la ulinzi linasimama lenyewe bila kuegemezwa. Ukitaka kusema Tanzania ilikwenda vitani kwa ajili ya Obote, itakubidi uonyeshe serikali nyingine yoyote ambayo ingepokonywa ardhi ya ukubwa huo na kutulia tu.

Kukataa usuluhishi

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu, na ndipo mijadala mingi hupita haraka.

Katikati ya Novemba Amin alisema anaondoa majeshi yake. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, chini ya uenyekiti wa Jaafar Nimeiri wa Sudan, ulitaka pande zote mbili zisuluhishwe. Nyerere alikataa. Msimamo wake ulikuwa kwamba Umoja umlaani kwanza mvamizi. Aliongeza madai ya fidia na ya Uganda kukana hadharani madai yake ya ardhi. Umoja haukumlaani Amin, na vita vikaendelea.

Jibu la ulinzi linaweza kukueleza kukataa huku, lakini kwa shida kidogo. Kama lengo lilikuwa ardhi tu, ahadi ya kuondoka ilistahili angalau kupimwa. Mtetezi atasema, na ana haki, kwamba neno la Amin halikuwa na thamani: huyuhuyu ndiye aliyependekeza ugomvi umalizwe kwa yeye na Nyerere kupigana ngumi ulingoni, Muhammad Ali akiwa refa. Sawa. Ila kufikia Januari 1979 jeshi la Tanzania, JWTZ, lilikuwa limeshavuka mto na kukirudisha kipande chote, na upinzani lililoukuta haukuwa mkubwa kama ulivyotarajiwa. Ardhi ilikuwa mkononi. Kazi ya jibu la kwanza ilikuwa imekwisha.

Jeshi halikurudi kambini. Mwezi huohuo wa Januari liliiteka Mutukula, ndani ya Uganda, na maelezo yake ya kijeshi ni ya kweli: mizinga iliyokuwa upande ule ilikuwa bado inaweza kupiga Kagera. Mji ukabomolewa. Mwishoni mwa Februari zikafuata Masaka na Mbarara, nazo zikaharibiwa vibaya, kwa kisasi cha yaliyofanyika Kagera. Mzinga ukipigwa kutoka Masaka haufiki Kyaka. Anayeshikilia jibu la kwanza hadi hapa anahitaji kubadilisha neno, aache kusema ulinzi aanze kusema adhabu. Adhabu ni nia tofauti.

Vipi Obote? Kwa kipindi hiki jibu lake linaeleza kusonga mbele, ila halielezi mwendo wenyewe. Mpango uliokuwepo ulikuwa majeshi ya Tanzania yaishie kwenye miji hiyo miwili na Waganda waliokuwa uhamishoni waibebe kazi ya Kampala. Serikali iliyokuwa na shauku ya kumpandisha mtu wake kwenye kiti isingesita Masaka ikingoja kuona kama Waganda watajitosheleza.

Lukaya, kisha Moshi

Kilichovunja mpango huo ni Walibya. Gaddafi, kiongozi wa Libya, alituma askari kumwokoa Amin, na tarehe 10 Machi 1979 walikutana na Watanzania karibu na Lukaya, kwenye barabara ya Masaka–Kampala inayopita kando ya bwawa kubwa la matete. Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo waliokuwa bado hawajazoea vita, ilipigwa kwa roketi ikatawanyika. Usiku Brigedi ya 208 ilizunguka, na asubuhi ikawatokea Walibya na askari wa Amin upande wa barabara ya Kampala, nyuma yao. Baada ya hapo jeshi la Amin halikupigana tena vita kubwa ya namna hiyo.

Baada ya Libya kuingia, hoja kwamba Waganda wataimaliza kazi wenyewe ilikosa miguu. Nadhani uamuzi wa kwenda Kampala kwa jeshi la Tanzania ulikamilika katika wiki hizi, haukukamilika Novemba, na hakika si 1971. Jibu la tatu linaeleza hili vizuri kuliko mengine: ukiwa umefika mahali ambapo kurudi nyuma ni kumwachia Amin mwenye hasira na askari wa kigeni mpakani kwako, mpaka wenyewe hauwezi tena kuwa lengo.

Sasa tazama mkutano wa Moshi, tarehe 24 hadi 26 Machi. Makundi ya Waganda walio uhamishoni yalikusanyika kuunda chama cha pamoja na kuchagua viongozi. Nyerere alimshawishi Obote asihudhurie. Aliyechaguliwa ni Yusuf Lule, msomi aliyewahi kuongoza Chuo cha Makerere, Muganda wa Buganda, asiye wa chama cha Obote. Jeshi la Tanzania lilikuwa siku chache kutoka Kampala. Kama kulikuwa na saa moja katika historia hii yote ambayo Obote angeweza kukabidhiwa nchi kwa bei ya chini, ni hiyo. Ilikataliwa.

Mtetezi wa jibu la pili ana majibu hapa, na si ya kupuuzwa. Obote alichukiwa sana Buganda tangu jeshi lake lilipoivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1966, kwa hiyo kumweka mbele Machi 1979 kungeharibu kila kitu. Kumficha kulikuwa busara tu ya muda. Tena David Oyite Ojok, mtu wa Obote, ndiye aliyekwenda kwenye redio kutangaza kwamba Amin ameanguka. Sikatai hata kimoja. Nasema tu kwamba nia inayokubali kungoja mwaka mzima, kupitia kwa marais wawili wengine, haiwezi kuitwa sababu ya vita bila kulinyoosha neno hilo kupita kiasi.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kabla ya hapo kuna agizo moja dogo linalosema mengi: barabara ya kwenda Jinja iachwe wazi ili Walibya watoke. Serikali iliyotaka kisasi ingeifunga. Iliyotaka Amin aondoke na mgogoro usipanuke iliiacha.

Vipi kuhusu ukombozi wa Waganda? Furaha ya mitaani Kampala ilikuwa ya kweli. Lakini serikali yenyewe haikuuweka ukombozi kuwa msingi wa hoja yake ya kisheria. Ilisema kulikuwa na vita viwili: Tanzania ikijilinda, na Waganda wakimwondoa dikteta wao. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote ilizotoa. Kila aliyekuwa barabara ya Masaka aliona ni jeshi la nani lililobeba mzigo. Hoja ilihitajika kwa sababu katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya mwanachama, na kwenye mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Nimeiri na Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania kwa jambo hilohilo.

Wanaosema ilikuwa kuficha njaa

Kuna jibu la nne la pembeni: kwamba vita vilisaidia kuwasahaulisha wananchi hali ya uchumi na kelele kama zile za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walioandamana Machi 1978 kupinga nyongeza za mishahara ya viongozi. Halinishawishi. Vita viligharimu kiasi kinachokadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, na Nyerere alilazimika kuwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Hoja ya kutafuta adui wa nje inamfaa zaidi Amin, ambaye jeshi lake lilikuwa likimgeuka.

1980: Obote anapata nafasi yake

Lule aliondolewa baada ya siku 68. Godfrey Binaisa akamfuata, naye akaondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, mtu wa Obote. Wanajeshi wa Tanzania walikuwa bado Kampala na hawakuzuia. Mwishoni mwa mwezi huo Obote alirudi Uganda akitokea Tanzania, na Desemba akatangazwa mshindi wa uchaguzi ambao Muwanga alijipa mamlaka ya kusimamia matokeo yake. Yoweri Museveni akaingia msituni Februari 1981.

Kipimo kilekile: hapa Tanzania ilikuwa na uwezo wa kukataa, na haikukataa. Jibu la Obote linapata nguvu kubwa mno, lakini kwa swali jingine. Linaeleza jinsi Dar es Salaam ilivyoshughulikia amani. Vita vyenyewe halivielezi.

Kwa upande mwingine, tazama muda wa kukaa. Januari 1979, miezi mitatu kabla ya Kampala, Vietnam iliuangusha utawala wa Pol Pot nchini Kambodia, naye Pol Pot alikuwa amekwisha kuishambulia mipaka ya Vietnam. Majeshi ya Vietnam yalikaa hadi 1989. Ya Tanzania yalikuwa yameondoka kwa sehemu kubwa kufikia 1981, na hakuna ardhi ya Uganda iliyodaiwa.

Uchague lipi

Inategemea swali lako limeulizwaje. Kama mada ya mdahalo wenu ni kwa nini Tanzania ilipigana Novemba 1978, shika ulinzi na usiogope. Mpinzani wako hana pa kuanzia ila 1972, na utamjibu kwa Mogadishu na Tabora. Kama mada ni kwa nini ilikwenda hadi Kampala, liache jibu la ulinzi kabla halijakuangusha Masaka, ushike la tatu: kumng'oa Amin kama tishio, kwa uamuzi uliokomaa kati ya Februari na Machi 1979.

Jibu la Obote lichague tu ukiulizwa kwa nini Uganda ilipata serikali iliyoipata Desemba 1980. Na ukipangiwa kulitetea kwa vita vyote, kama wapangaji wa midahalo wanavyopenda kufanya, usianze na urafiki wa Nyerere na Obote, maana urafiki hauthibitishi chochote. Anza na kukataliwa kwa usuluhishi Novemba, kisha mlazimishe mpinzani akueleze Masaka. Moshi ataileta yeye mwenyewe, na hapo ndipo utakapohitaji kuwa na Oyite Ojok na redio yake tayari.